Tupeane uzoefu: Visamaki vya mpira (chambo bandia) vya kunasia samaki aina ya besi Ziwa Naivasha, wewe huchaguaje?

Mgeni wa Mshipi (Nakuru mjini)
Wadau, hamjambo. Binamu yangu aliye Marekani alikuja Desemba na pakiti sita za visamaki vya mpira, vile virefu vyembamba visivyo na mkia wa kuchezacheza, ambavyo lazima uvishtue mwenyewe kwa fimbo ya kuvulia. Rangi ni sherehe tupu: kijani cha tikiti maji, cheupe cha lulu, waridi, na cha zambarau chenye vimetameta. Jumapili nne nimedamka, nikafika Karagita kabla jua halijatoka, nikapanda mashua na kijana mmoja, nikarusha hadi bega likauma. Sikupata besi hata mmoja! Kijana naye na chambo chake cha kijiko cha chuma kilichochubuka alitoa wawili, akawa anacheka akitazama kando. Waliovitumia wenyewe, mlichaguaje?

Mzee wa Mafunjo (Naivasha)
Mwanangu, rangi tuiache kwanza. Ulifunga risasi ya kuzamishia chambo?

Mgeni wa Mshipi
Nilifunga, mzee. Bila risasi hakirushiki mbali.

Mzee wa Mafunjo
Basi ulikuwa unazamisha misumari. Mimi nilifanya kosa hilo msimu mzima. Kisamaki cha aina hii kinauzwa kwa jinsi kinavyoanguka. Ukikishtua kinaruka upande kama kidagaa kilichojeruhiwa, ukiacha mshipi ulegee kinashuka polepole kikiyumba, na besi hukidaka hapo hapo kinaposhuka. Ukikitia risasi, kinakwenda kichwa chini moja kwa moja.

Tena havifanani. Vingine mpira wake umechanganywa chumvi, hivyo ni vizito na vinawahi kuzama. Vingine havina, vinakawia juu. Pakiti zinafanana, bei zinakaribiana. Kwa hiyo siku hizi nikipata pakiti mpya, najaza pipa maji pale nyuma ya nyumba, natumbukiza kimoja pamoja na ndoana yake, nahesabu mpaka kiguse chini. Mama watoto aliwahi kuniuliza kama nimeanza kubatiza plastiki. Nikivua kandokando ya mafunjo, penye maji ya kina cha kiuno, nataka kile kinachochelewa. Nikiwa upande wa Crescent Island ambako maji yanashuka ghafla, nachukua chenye chumvi.

Dada wa Gilgil
Mzee, heshima yako. Naongezea ndoana, maana ndiyo iliyonitesa mimi. Cha inchi 5 nilikivalisha ndoana ndogo ya kuvulia ngege (tilapia). Besi walipiga, nikawasikia kabisa mkononi, kila nikivuta nabaki na mpira uliotafunwa. Ndoana ilikuwa imezama ndani ya mpira, haina nafasi ya kutokeza. Sasa natumia saizi ya 4/0, ndoana kubwa yenye tumbo pana na shingo iliyokunjwa. Naingiza puani, naitoa chini ya kidevu, naigeuza, kisha naificha ncha mgongoni ili isishike magugu.

Halafu kinyooshe! Kikikaa kimepinda hata kidogo kitazunguka kama pia. Siku moja mshipi wangu ulijisokota hadi nikakata mita kumi hivi nikitukana kimoyomoyo. Nilikuwa nimeacha pakiti ndani ya gari juani, vyote vimejikunja kama ndizi. Usivitupe. Vitie kwenye maji ya moto kidogo, vinyooshe, uvilaze kwenye maji baridi.

Jamaa wa Dunga (Kisumu)
Nyinyi watu wa bara mna kazi. Huku kwetu mbuta (sangara) akija haulizi kama kina chumvi 😂

Ila kweli nilikuja Naivasha mara moja na boksi langu. Nilikuwa nimechanganya visamaki vya mpira wa kawaida na vile vya mpira unaonyumbuka sana, kampuni mbili tofauti. Nilipofungua nikakuta uji wa rangi tatu, na boksi lenyewe limelainika chini. Kila aina ibaki kwenye pakiti yake.

Mgeni wa Mshipi
Kwa hiyo rangi si neno?

Mzee wa Mafunjo
Ni neno, lakini la tatu. Besi huwinda kwa macho. Ziwa letu si lile la zamani. Tangu samaki kapi aanze kuonekana 2001, yule mchimba tope, kuna siku maji ni chai ya maziwa. Siku hiyo natoa cheusi au cha rangi nzito, kivuli chake kionekane. Maji yakitulia na kung'aa, cheupe au kijani cha tikiti. Waridi wape watoto.

Fundi Baiskeli (Njoro)
Mzee, kwa heshima, cha zambarau kimenipa besi watatu asubuhi moja, maji machafu. Wazee wa hapa wanasema besi wa Naivasha wamelelewa na krefishi, wale kamba wekundu walioletwa 1970. Labda chochote chekundu kilichokolea wanakiona chakula. Sijui, mimi nilikula samaki tu.

Dada wa Gilgil
Zambarau ni rangi nzito, Fundi. Umekubaliana na mzee bila kujua.

Fundi Baiskeli (Njoro)
Haya. Lakini mseme pia kuhusu kusubiri. Kosa langu lilikuwa mkono mwepesi. Maji yakiruka tu, navuta, nampokonya mdomoni. Sasa shtua, shtua, tulia. Natazama mshipi pale unapoingia majini. Ukienda kando bila mimi kuugusa, nakusanya ulegevu, ndipo navuta.

Mzee wa Mafunjo
Na vilivyochanika mrudi navyo mfukoni. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, nanyi mnaweka plastiki ndani ya matumbo ya samaki. Jua likishuka tokeni kwenye mafunjo, kiboko hana utani.

Mgeni wa Mshipi
Mrejesho wa Jumamosi. Nilipima kwenye karai, cheupe ndicho kilichochelewa zaidi. Risasi nilitoa, ndoana 4/0. Kweli hakiendi mbali, nikamwomba kijana asogeze mashua. Saa mbili na nusu asubuhi mshipi ukaenda kando peke yake. Besi wa kilo moja hivi. Wa pili alinikatikia penye mafunjo, kosa langu, fundo. Kijana hakucheka, aliomba viwili.

Nimebakiwa na pakiti nzima ya waridi. Anayetaka?

Jamaa wa Dunga (Kisumu)
Nitumie na matatu ya jioni. Nauli ya mzigo nalipa mimi.