Tupeane uzoefu: Liverpool imekuliza lini?

Mchuuzi Kongowea
Leo nimepita Kongowea upande wa mitumba nkaona jezi nyekundu ya Liverpool, nkaigeuza, nyuma ya shingo pana 96 na vijimoto viwili, kimoja huku kimoja huku. Muuzaji aniambia hiyo namba ya mchezaji wa akiba, kidogo akasema labda ni saizi. Nkamwangalia tu, nkalipa nkaenda zangu. Wenzangu wa Mombasa, hini timu wengi tumeirithi kwa baba na ami zetu, lakini vijana wa sasa waijua ya kocha Klopp kuja huku. Haya tupeane uzoefu, Liverpool imekuliza lini? Si lazima iwe kufungwa. Man U mwaruhusiwa kusoma, kuandika muombe ruhusa.

gunner_tudor
Mimi Arsenal na ruhusa siombi. Mei 1989, hapo hapo Anfield uwanjani kwenu, Michael Thomas wetu akawachomoa ubingwa dakika ya majeruhi. Mulilia au hamukulia?

Bin Kibokoni
Gunner umetaja 1989 umetonesha donda, lakini si hilo la Thomas. Ni la mwezi mmoja kabla yake, 15 Aprili, Jumamosi, kumi la kwanza la Ramadhani.

Marehemu babangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, bandari ya Liverpool aliifikia mimi sijazaliwa, akarudi na skafu ya sufu ambayo kwa joto la hapa nani ataivaa, ikawa yatundikwa ukutani karibu na saa. Siku hiyo ni nusu fainali ya FA Cup, Liverpool na Nottingham Forest, yachezwa Sheffield uwanja wa Hillsborough, kwa saa zetu ni saa kumi na moja jioni. Redio kaiweka dirishani, BBC ya Kizungu, antena kaiunganisha na waya ili ishike. Mamangu yuko jikoni apika uji na kaimati. Mpira haukufika hata dakika kumi refa kasimamisha, tukaambiwa watu waingia uwanjani, mzee akasonya akasema hawa vijana washaanza fujo zao. Halafu nakumbuka sauti ya mtangazaji ikawa si ya mpira tena, asema pole pole, na mzee kila akisikia kitu ainama karibu na ile redio. Adhana ya magharibi ikalia, sisi twafuturu, yeye tende iko mkononi haiendi mdomoni, mamangu akamwambia mara mbili, magharibi haina muda mume wangu, fungua. Akafungua kwa maji akaenda kuswali, akarudi akakaa pale pale.

Hesabu ya waliokufa kwa msongamano ilikwenda ikipanda, 96 ndiyo hiyo ya shingoni mwa jezi, mpaka leo ni 97, wa mwisho alifariki 2021 kwa majeraha ya siku ile ile. Mdogo wao alikuwa mtoto wa miaka 10, binamuye Steven Gerrard. Na linaloniuma zaidi, polisi wenyewe ndio waliofungua geti, watu wakamiminika kwenye vile vizimba nyuma ya goli vilivyokuwa vishajaa pomoni, kisha wakatupiwa lawama mashabiki eti walevi. The Sun likaandika kuwa watu waliwaibia maiti mifukoni. Ndio maana mpaka leo mji ule maduka mengi hayaliuzi gazeti lile. Ukweli ulikuja kutoka mahakamani 2016, miaka 27, kwamba waliuliwa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Babangu hakuifikia. Skafu ninayo mimi.

Mama Twaha
Hapo kwa tende nimetoka machozi na mpira wenyewe siujui una watu wangapi. Mungu awarehemu wazee wetu.

Sharifu Bondeni
Amin.

gunner_tudor
Pole kwa mzee, kweli kabisa. Lakini ya 1985 uwanja wa Heysel pale Brussels mbona hamuiguzi, walikufa watu 39, wengi wa Juventus, na walioanza kuvamia ni nyinyi.

Kop ya Majengo
Nani kaificha? Timu za Uingereza zilifungiwa Ulaya miaka mitano na Liverpool ikala sita. Hayo ni makosa na yamelipwa. Lakini mtu akisimulia babake wewe waleta kesi nyengine, adabu ya matanga huijui?

gunner_tudor
Historia haichaguliwi kama nyama buchari. Na mji wenyewe karne ya kumi na nane ndio uliokuwa ukiongoza Uingereza kwa meli za watumwa, hayo nayo muyaimbe.

Frere Town Daima
Waambia watu wa Mombasa habari ya utumwa? Mimi kwetu Frere Town, mababu zangu walishushwa hapo kutoka kwenye majahazi baada ya kuokolewa. Bandari zote zina hisabu zake, na hii yetu pia, kaa na Arsenal yako.

Mzee wa Makadara
Vijana mwapiga kelele. Sisi tulipokuwa tukisema Liverpool hatukuwa na maana ya Uingereza. Liverpool ilikuwa timu ya hapa hapa Mombasa, na mahasimu wao ni Feisal, ile ya mchezaji Ali Kajo. Feisal ndiyo iliyochukua ligi ya Kenya 1965, kombe likaja Pwani. Siku wakikutana hao wawili, barazani hapakaliki, ndugu kwa ndugu hawapeani kahawa.

dogo_nyali
Mzee unatuchezea, Liverpool ya Mombasa? 😂

Mzee wa Makadara
Kamuulize babu yako. Kama ni wa Nyali ya juzi hatajua.

Maalim wa Kuze
Na mimi niongeze moja ambayo wengi hawaijui. Abdullah Quilliam, wakili wa kule kule Liverpool, alisilimu akafungua msikiti Brougham Terrace 1889. Klabu ilizaliwa 1892, Everton walipogombana na John Houlding kwa kodi ya uwanja wakahama, yeye akabaki na Anfield tupu akaunda timu yake. Kwa hivyo mji ule uliswaliwa jamaa kabla Liverpool haijapiga hata kona. Msiseme Salah ndiye aliyeanza kusujudu kule.

Kop ya Majengo
Maalim umeua!

Mtongwe hadi Feri
Sasa nisikizeni mimi. 25 Mei 2005, Istanbul, fainali ya klabu bingwa Ulaya, Liverpool na AC Milan. Saa zetu na zao siku ile zilikuwa sawa, mpira saa nne kasorobo usiku. Mke wangu ameshikwa na uchungu tangu mchana, tumevuka feri tukampeleka hospitali upande wa kisiwani, mimi na shemeji yangu tumekaa nje kwenye bao, soja wa geti ana redio. Maldini dakika ya kwanza. Crespo. Crespo tena. Tatu bila, mapumziko. Hapo hapo sista akatoka mbio, mama amejifungua lakini damu yamtoka sana, leteni watu wa kutoa damu sasa hivi. Mimi yangu ikapimwa haikufaa. Usiku ule watu utawapata wapi? Nkakumbuka pale Bondeni kuna ukumbi wa video nnaotizamiaga, nkadandia pikapu ya samaki nkaenda. Nawakuta wanatoka mlangoni wamenuna, wengine washavua jezi wameitia begani. Nkawaambia, jamani mke wangu. Wakapanda wote nyuma, hata hawakuuliza. Na wallahi nawaambia, lau ingekuwa bila bila pale hakuna ambaye angetoka, na mimi leo ningekuwa nasimulia mengine.

Basi wamelala vitandani, sindano mkononi, mmoja bado apimwa, twasikia soja apiga mayowe nje. Gerrard. Hata sista hajabandika pamba, Smicer. Yule kitandani ataka kuinuka na mpira wa damu, sista amkandamiza kifua, lala wewe! Alonso, penalti yaokolewa, aurudia, tatu tatu. Watu wote wale wamekosa mabao matatu ya maisha yao, hakuna aliyeyaona. Penalti za mwisho ndio tulisimama wote getini, na kipa wetu Dudek alipomtolea Shevchenko wa Milan yule soja alinikumbatia mimi hata hanijui. Mama mtu yuko hai, alhamdulillahi, na akinikasirikia asema hii presha yake ni ya damu niliyomtilia.

Mama Twaha
Subhanallah! Mtoto ni wa kike au wa kiume? Aitwaje?

dogo_nyali
Hii movie. Damu haitolewi ikatiwa hapo hapo, lazima ipimwe kwanza.

Sista Ganjoni
Hupimwa, na usiku kukiwa na dharura maabara hukimbizwa. Usibishe usichokifanyia kazi. Na nyinyi wanaume nendeni mukatoe damu bila kungoja kufungwa tatu.

Mchuuzi Kongowea
Turudi kwenye mada jamani, tulikuwa twalia.

Sharifu Bondeni
Mimi Kiev 2018, fainali na Real Madrid, Ramos alipomvuta Salah bega. Ramadhani ile, watu wametoka tarawehe moja kwa moja mpaka kwenye TV, kulikuwa na mzee ambaye mpira hatizami kabisa akamwombea Ramos dua ambayo siwezi kuiandika. Ushauri wangu, siku ya fainali usinunue jezi mpya.

Kop ya Majengo
Ushauri wangu nunua. 2019 nilinunua mpya, mwanzo wa Ramadhani tukampiga Barcelona nne, mbili za Origi, na fainali akamaliza huyo huyo. Babake Mike Okoth alichezea Harambee Stars ya Kenya. Wetu.

gunner_tudor
Alichezea Ubelgiji. Wenu Wanyama, alikuwa benchi la Tottenham siku hiyo hiyo mukamzomea.

Jirani Sparki
Asiyetaka presha ashabikie Bandari, ukifungwa Mbaraki warudi nyumbani kwa miguu, huliwi stima wala usingizi.

Mmoja wa Bondeni
Nimeitwa nisome hii. Mimi ndiye yule aliyekandamizwa kifua na sista, na bao la Gerrard nimekuja kuliona kwenye marudio. Yote kweli ila moja. Ile pikapu haikuwa ya samaki, ilikuwa ya miraa, tena dereva alitoza.

Mtongwe hadi Feri
Bwana we, shemeji yangu yuko humu asoma. Iwache iwe ya samaki.