Mnaounguza akaunti za foreksi: mmekosa nidhamu, au hamkupewa hesabu?

Mleta mada, Mwanza

Wakuu, juzi kwenye grupu letu la foreksi, yaani biashara ya kubashiri bei za sarafu na dhahabu mtandaoni, kijana kaunguza dola 100 zote, na wote wakamjibu kwa wimbo mmoja: huna nidhamu, saikolojia yako mbovu, amka saa kumi alfajiri uandike malengo yako ukutani. Hakuna aliyemuuliza alifungua loti, yaani kipimo cha kiasi unachonunua au kuuza, ya ukubwa gani.

Mimi nilimuuliza. Alinunua dhahabu, loti 0.01, ndogo kuliko zote anazoruhusiwa. Loti hiyo kwa mabroka wengi, yaani kampuni zinazotuingiza sokoni, ni wakia moja, kwa hiyo bei ikishuka dola moja nawe umepoteza dola moja. Walimu wetu wanahubiri usihatarishe zaidi ya asilimia 1 ya akaunti kwa oda moja. Asilimia 1 yake ni dola moja. Maana yake kikomo chake cha hasara, ile bei ambayo oda hujifunga yenyewe, kikae dola moja tu chini ya bei aliyonunulia, kwenye kitu kinachouzwa kwa maelfu ya dola na kinachocheza dola moja ukipiga chafya. Hata angekuwa mtawa, ama angeivunja kanuni hiyo, ama angeitii na kutolewa sokoni mara kumi kwa siku.

Hoja yangu ni kwamba nidhamu humlinda mwenye mbinu inayolipa tayari. Haizai faida. Anayebisha aje na hesabu.

Fundi simu, Kariakoo

Mkuu, nakubishia nusu. Mimi nilianza na dola 600 na niliunguza kwa mkono wangu mwenyewe. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri, takwimu za ajira za Marekani zinatoka. Nina mteja kaleta simu ya kubadilisha kioo. Bisibisi mkono wa kulia, chati mkono wa kushoto. Bei ikakaribia kikomo changu, nikakisogeza chini. Ikaja tena, nikakisogeza tena. Mara ya tatu nikakifuta kabisa, nikajiambia itarudi tu. Ilirudi kweli Jumatatu, mimi nikiwa sina kitu. Na kioo kipya cha mteja nilikipasua, nikalipa. Sasa hapo hesabu inahusika vipi?

Mleta mada

Pole, ndugu yangu. Ulifungua loti ngapi?

Fundi simu

0.50, pauni kwa dola.

Mleta mada

Basi kila pipsi moja, ile hatua ndogo ya bei, ilikuwa dola tano. Pipsi 120 dhidi yako zinatosha kumaliza dola 600, na siku ya takwimu hizo pauni inaweza kutembea hivyo kabla hujashusha bisibisi. Akaunti ilikufa ulipobonyeza kununua. Kusogeza kikomo yalikuwa mazishi tu.

Mhasibu, Nairobi

Niongeze hapo. Loti 0.50 ni pauni 50,000, na mwenzetu alizishika kwa dola 600 na mkopo wa broka, yaani zaidi ya mara 100 ya mtaji wake. Ulaya tangu 2018 asingeruhusiwa. ESMA, mamlaka ya masoko ya fedha ya Umoja wa Ulaya, iliwawekea wateja wa kawaida mwisho wa mara 30 kwa sarafu kubwa, baada ya kuona kwamba akaunti 74 hadi 89 kati ya 100 hupoteza pesa. Hapa Kenya, kanuni za CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, za 2017 zinaruhusu hadi mara 400. Kwa hivyo mnapomwambia kijana ajizuie, mjiulize pia mbona mlango umeachwa wazi hivyo.

Dada wa Tanga

Mimi sitaki kubaniwa. Mkiweka mara 30 hapa, vijana watahamia kwa mabroka waliosajiliwa kwenye visiwa vya mbali ng'ambo huko, ambako hata pa kulalamika hapapo. Na msimwondolee mtu mzima lawama zote. Mimi ninacheza loti ndogo, nafunga simu wakati wa takwimu, na akaunti yangu ina miaka miwili.

Mleta mada

Dada, hongera, nasema kwa moyo. Lakini akaunti hai si akaunti yenye faida, na hilo hukulisema. Watafiti wa Brazili walifuatilia watu walioanza biashara ya kununua na kuuza ndani ya siku hiyohiyo kwenye soko la fyucha, yaani mikataba ya bei za baadaye, kati ya 2013 na 2015. Katika waliokomaa nayo zaidi ya siku 300, 97 kati ya 100 walipata hasara. Hao si wavivu wala si watu wa kukata tamaa wiki ya pili. Hoja yako ya visiwani ni nzito, kusema kweli, na sina jibu lake kamili. Ila wapo walimu wanaolipwa na broka kwa kila loti anayofungua mwanafunzi. Mwalimu wa namna hiyo atakwambia loti yako ni kubwa, au atakwambia rudi na mtaji mpya na moyo mpya?

Fundi simu

Wangu aliniambia nirudi.

Mleta mada

Na yule kijana wa dola 100 kaniandikia asubuhi hii. Kaazima dola 50 kwa shemeji yake. Nikamuuliza safari hii anabadilisha nini. Kasema ameshaweka alamu ya saa kumi.