Tupeane uzoefu: Upepo umeezua nyumba ya jirani, wewe umesalimika. Ulimpelekea nini, na kilimfaa?

Mzawa wa Mabatini

Wakuu, habari za jioni.

Tulioko Mwanza hatuna haja ya kusimuliana upepo. Wingu likishakuwa jeusi upande wa ziwani na vumbi likaanza kukimbia kabla ya mvua, kila mtu anaangalia paa lake. Huku kwetu milimani kuna balaa la ziada: nyumba zimepandana juu ya mawe, kwa hiyo bati la wa juu likichomoka linamshukia wa chini. Unakuta mtu hakuezuliwa yeye, lakini ana kenchi (fremu ya mbao ya paa) ya jirani sebuleni.

Uzi huu usiwe wa kulaumu serikali, hizo nyuzi zipo tele. Nataka tuzungumze jambo moja tu. Jirani amebaki bila paa: ulimpa nini? Na baada ya wiki kadhaa, kipi ulikuta kinatumika na kipi kimerundikwa pembeni?

Naanza mimi. Mpangaji wa nyumba ya pili kutoka kwetu aliezuliwa alasiri, watoto ndiyo wanatoka shule. Hadi magharibi alikuwa ameletewa nguo za kujaza kitanda, na kitanda chenyewe kimelowa chapachapa. Aliyemwokoa usiku ule ni jamaa anayekodisha maturubai ya misiba na harusi. Alikuja na vijana wake, wakatandika turubai juu ya kuta, kamba wakazifunga kwenye mawe, akasema, "Mkipata bati mtanirudishia." Hakuuza wala hakutoa sadaka, aliazima. Na lile turubai ndilo linalomwingizia kula.

Sisi tulitoa godoro la wageni na tukachukua watoto wawili walale kwetu. Naona kuazima na kuhifadhi watu tunakudharau kwa sababu hakuonekani kwenye orodha ya michango.

Karibuni.

Fundi Kenchi

Mkuu umenigusa kwenye kazi yangu.

Watu wakisikia nyumba imeezuliwa wanakimbilia kuchanga mabati. Bati ni ghali, mchango unachukua muda, na mara nyingi bati si tatizo. Upepo unaingia chini ya upenu, unanyanyua paa zima likiwa limeshikana, unalitupa. Ukienda kuokota utakuta mabati mengi yamekunjika tu. Yanalazwa chini, yananyooshwa kwa nyundo ya mbao, yanarudi juu. Matundu ya misumari ya zamani unayapanga yaangukie kwenye malalio ya bati juu ya bati, yanayobaki unaziba kwa lami.

Kinachokufa ni mbao. Papi, zile mbao za kupigilia bati, zimepasuka, zingine mchwa alishamaliza kazi kabla ya upepo. Kwa hiyo mtu akinipigia simu "fundi nichangie nini," namwambia misumari ya bati, papi, na waya wa kufungia kenchi kwenye ukuta. Ule waya ndio ambao wengi hawakuwa nao tangu mwanzo, ndiyo maana paa liliondoka kama kofia. Kilo chache za misumari zinasogeza kazi kuliko ahadi ya mabati ya mwezi ujao.

Na kama unanunua bati la kumpa mtu, angalia geji, ile namba ya unene. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Usimpelekee mwenzako bati la kutoboka kwa kidole eti kwa kuwa ni la msaada.

Mchoma Sato

Kwenye nguo naunga mkono hoja. Mtaani kwetu aliletewa mzee mmoja suti ya vipande vitatu na viatu vya kuchongoka. Mzee alicheka mpaka akasahau msiba wake. Nasikia suti aliivaa Pasaka.

Mama Dagaa

Mwangaluka wote.

Mimi niko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, upande wa Igombe. Nyie wa mjini mnazungumza paa, sisi upepo ukija unachukua paa, nyavu, na dagaa walioanikwa. Na unakuja kipindi kibaya. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wanafuata taa. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inapumzika. Sasa dhoruba ikiangukia kwenye giza, umepoteza siku zile ambazo ndizo za kuingiza hela, unasubiri mwezi upite tena.

Wavuvi wanaogopa zaidi za usiku na alfajiri. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, hewa inakutana huko katikati ya maji na wingu linapanda. Mtu unalala nyota zinaonekana, saa kumi unasikia radi.

Mara ya mwisho ilinyesha dagaa wakiwa mchangani. Dagaa akilowa nusu amekauka, anabadilika rangi na harufu, mnunuzi anamtoa kwenye bei ya mboga anampeleka kwenye bei ya chakula cha kuku. Wenzangu kadhaa waliishiwa mtaji asubuhi moja. Unga uliletwa, tukashukuru. Lakini kilichowainua ni kinamama wenye chanja waliposema: leta wako uanike kwangu, sehemu hii ni yako mpaka utakaposimama. Mwingine akatoa salfeti. Mwingine akamwamini mwenzake ndoo kadhaa za dagaa wabichi, malipo baada ya kuuza.

Ukitaka kumsaidia mchuuzi mrudishie biashara. Unga anaujua pa kuupata akiwa na hela.

Katibu wa Mtaa (mstaafu)

Niliwahi kushika kalamu kwenye kamati ya mtaa, sitautaja. Naomba niseme jambo la orodha, maana huko ndiko majirani hugombana.

Ukiandika waathirika kwa nyumba, umeshakosea wapangaji. Nyumba moja ya vyumba sita ina familia sita. Mabati yanakuja, anapewa mwenye nyumba, ni haki yake kwa sababu paa ni lake. Mpangaji aliyelowewa na godoro, redio, madaftari ya watoto na gunia la mkaa jina lake halipo. Wakati mwingine mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine kabisa, hajui hata kama imenyesha.

Tulipita chumba kwa chumba. Kila mlango: nani analala humu, wangapi, nani mjamzito, nani mgonjwa, nini kimelowa. Tukasoma orodha hadharani chini ya mti, mbele ya mabalozi wa nyumba kumi. Kelele zilikuwepo siku ile ile, hazikuendelea. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazungumzia kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa kushuka chini, lakini kamati isiyojua nani anaishi chumba cha uani haina msaada. Jirani ndiye anayejua.

Mchoma Sato

Katibu, na yale mabati yanayookotwa na "wasamaria" usiku wa manane?

Katibu wa Mtaa (mstaafu)

Hahaha. Hilo sungusungu walilimaliza. Kila bati lililookotwa lilipelekwa uwanjani, mwenye nalo akaja na fundi wake kulitambua. Bati huwa na alama: rangi, kutu, mpangilio wa matundu ya misumari. Yaliyokosa mwenyewe yakaezeka jiko la bibi mmoja. Kuna mtu alikuja kudai mabati ambayo hayakulingana na paa lake hata kwa urefu. Tulimpa chai akaondoka.

Nesi Kirumba

Mie naongea la afya, mnisamehe nikirefusha.

Mvua kubwa ikishuka milimani inapita kwenye vyoo, halafu inaingia visimani na ziwani. Maji ya pembeni yanageuka ya udongo. Siku zinazofuata ndipo kuhara kunaanza, na kipindupindu kwenye mialo yetu si hadithi. Kwa hiyo vidonge vya kutibu maji, ndoo yenye mfuniko, sabuni. Chumvi na sukari pia msidharau.

Halafu mkaa. Mkaa MKAVU. Tunawaambia watu wachemshe maji wakati mkaa wa mtaa mzima umelowa na kiberiti kimekuwa uji! Nilipeleka debe la mkaa kutoka stoo yangu kwa nyumba tatu za jirani, na hakuna msaada niliowahi kutoa ulioshangiliwa vile. Umeme nao ulikuwa umekatika, waya umelala njiani, kwa hiyo jirani mwenye sola alichajia simu za watu bure ili wapigie ndugu zao. (Waya ukianguka msiusogelee wala msiushike kwa fimbo, zuieni watoto, pigieni TANESCO.)

Jambo la mwisho ni la kunong'ona. Kuna watu hunywa dawa kila siku: presha, sukari, ARV. Dawa ikilowa, au kadi ikisombwa, mtu anaona aibu kusema mbele ya watu waliokuja na kamera. Mvute pembeni umuulize, umsindikize kituoni. Nauli ya daladala tu, lakini inaweza kuwa mchango mkubwa kuliko gunia la unga.

Kijana wa Buhongwa

Nesi umegusia kamera. Kikundi chetu tulikataa picha, tukapoteza wafadhili wawili waliotaka "ushahidi". Mnaonaje?

Mzawa wa Mabatini

Mkuu, piga picha ya stakabadhi na mzigo ukiwa kwenye guta. Mama wa watu na kiroba chake muacheni.

Mchoma Sato

Sikubaliani moja kwa moja. Bila picha hela inaliwa, tunajuana. Waombe ruhusa, wanaokubali wapigwe.

Nesi Kirumba

Mtu amelala chini ya turubai, wewe ndiye umeshika unga. Atakukatalia vipi?

Mwana wa Kahama

Nimekulia Kahama ingawa sasa niko Nyegezi. Machi 2015 mvua ya mawe ilipiga kijiji cha kwetu cha Mwakata, zaidi ya watu 40 wakafariki. Ilikuwa usiku, na kuta za tope ziliwaangukia watu ndani.

Tangu hapo nina msimamo mmoja: nyumba ya udongo ikiezuliwa, simruhusu jirani arudi kulala humo hata kama kuta zimesimama. Tope likilowa, ukuta unaweza kukaa wima mpaka kesho yake ukaanguka jua linawaka. Kwa hiyo mchango wangu wa kwanza siku zote ni chumba. Tunabanana. Mke wangu hunung'unika kidogo, halafu yeye ndiye anapika. Baadaye ndipo tunaangalia ukuta upi unafaa kubeba paa na upi unabomolewa kabisa.

Kero yangu ni kwamba wageni wakizidi wiki majirani wengine wanapotea. Siku ya kwanza sufuria zinapishana mlangoni, baadaye mwenye nyumba unabaki na familia mbili na mfuko mmoja. Safari iliyopita tuligawana: kaya moja chakula cha mchana, nyingine jioni, kwa zamu, mpaka paa likarudi. Ilisaidia sana.

Mkerewe Mpole

Shukrani kwa uzi. Niko Nansio, kisiwani Ukerewe. Huku mbao ni bei kwa sababu nyingi zinavuka maji. Tuna nyumba nne hazina paa, mabati yameokotwa karibu yote, na tumechanga hela kidogo. Nilikuwa nimeagiza unga Mwanza, lakini baada ya kusoma hapa nimesitisha nusu ya oda. Fundi, nipakie nini melini?

Fundi Kenchi

Papi kavu, usikubali mbichi. Mbichi zitajipinda zikikauka na misumari italegea. Pima urefu wa kila paa kwanza unitumie, usiagize kwa kukadiria. Ongeza misumari ya bati, waya, na lami kopo moja litatosha nyumba zote nne. Kofia za juu ya paa huwa zinasahaulika, ulizia kama ziliokotwa. Unga acha huo uliobaki, mafundi watakula.

Mkerewe Mpole

Wabeja. Kofia mbili hazijaonekana. Vipimo nakutumia kesho asubuhi kabla meli haijaondoka.