Mtoto akikosea kwenye mchezo wa hesabu, akatwe alama?

Hoja: Kuna rasimu ya kadi za kuzidisha za darasa la 4, kwa shule za Mtwara na Lindi. Wachezaji 4, kadi 40. Ukipata +2, ukikosa −1. Wapo wanaosema hiyo −1 inamvunja mtoto moyo, wapo wanaosema bila hiyo ni porojo. Semeni.

Mchora Kadi, Mikindani: Iondoeni. Anayepatia swali 1 kati ya 4 anaishia na −1; angenyamaza angebaki na sifuri. Mchezo wenyewe unamfundisha kunyamaza! Kadi aliyokosa irudishwe chini ya kadi 3 za juu. Kwa wachezaji 4, itamrudia yeye yule zamu ijayo.

Mwalimu, Masasi: Itamrudia, lakini wenzake watakuwa wameshalitaja jibu. Atasema 42 kama kasuku. Nyuma ya kadi wekeni swali ndugu: mbele 6×7, nyuma 6×8. Aliyeshika 42 anaongeza 6. Akipata, alama 1, si 2. Na msimsifu "una akili", mwambieni alichofanya: "umeongeza 6, ndiyo maana umepata."

Komwe, Nachingwea: Mnahangaikia alama bure. Bao la Kiswahili linaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi kwa kila mchezaji, halafu namua, yaani kuingiza kete za mkononi ubaoni moja moja. Mgeni haanzii hapo. Anaanzia bao la kujifunza: kete 2 kila shimo, mashimo 32, zote 64 ziko ubaoni, namua hakuna. Akiliwa, ameliwa, hahurumiwi. Kilichopunguzwa ni sheria, siyo maumivu. Mwanasaikolojia Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na kufanikiwa kwa kutenda mwenyewe kuliko kuambiwa unaweza. Anzeni na jedwali la 2, 5 na 10; la 6 hadi 9 lisubiri.

Mchora Kadi, Mikindani: Komwe, la 10 wanalijua wote. Ushindi wa bure mtoto anautambua haraka. Anzeni na la 3 na la 4, mkiwa na kete za kupangia safu. (Korosho ghafi msitumie: ganda likipasuka, mafuta yake yanaunguza ngozi.) Swali ndugu nakubali, ila limeshachukua mgongo wa kadi. Jibu litakaa wapi?

Mwalimu, Masasi: Jedwali moja kila meza. Alishike aliye kulia kwa mchezaji, lihame kila zamu. Hata asiyejua kuzidisha atakuwa hakimu zamu yake ikifika.