Mtoto ameinuliwa kitini eti anaharibu picha: hii treni kongwe ni ya abiria au ni studio yenu?

Wanajamvi, salaam.

Nina miaka kumi na moja hapa New York, na kila Desemba hutenga siku moja kwa ajili ya ile treni kongwe ya chini ya ardhi inayotolewa msimu wa sikukuu. Mtu hupanda pale kituo cha 2 Avenue kwa nauli ileile anayolipa akienda kazini. Safari hii nimerudi nyumbani na hasira ambayo mpaka naandika haijapoa. Sina ugomvi na walioandaa shughuli wala na dereva. Ugomvi wangu ni na abiria wenzangu wenye kamera, na nauleta hapa kwa Kiswahili kwa sababu mmoja wao alinisemesha kwa Kiswahili.

Kwa ambaye hajawahi kuyaona, yale ni masalio ya mabehewa yaliyoundwa kati ya mwaka 1930 na 1940, ambayo jumla yake yalikuwa 1,703, na ya mwisho yaliondolewa kazini mwaka 1977. Viti vyake vimesukwa kwa henzirani, darini yananing'inia mapangaboi, glopu ziko wazi bila kifuniko, na madirisha hufunguliwa kwa mkono hadi upepo wa handaki ukakupiga usoni. Meno ya giaboksi zake yamekatwa kwa mtindo wa zamani, kwa hiyo treni inapoondoka hutoa mlio unaoanza chini kama mtu anayeguna, ukapanda pole pole kadiri mwendo unavyoongezeka. Watu huja wamevaa makoti na kofia za enzi hizo, wengine wakacheza dansi katikati ya behewa, na hao sina neno nao, maana wakiona mzee au mtoto anapita husogea wenyewe.

Binti yangu ana miaka saba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, miguu haigusi sakafu, anahesabu mizunguko ya pangaboi. Tulipotoka 34 Street akaja kijana mmoja mwenye kamera mbili shingoni, akatusikia tunavyozungumza, akaniambia, "Dada, hebu muinue mtoto hapo kidogo, anaharibu picha, nataka viti vitupu." Nikamuinua, kwa sababu nimelelewa kumsikiliza mtu anayeomba. Hicho "kidogo" chake kilidumu hadi 59 Street. Alipomaliza yeye akamwita mwenzake apige kutoka pembe ileile, na mimi nimesimama nimemshika mtoto mkono, tunaangalia viti vitatu visivyo na mtu ndani ya behewa lililojaa hadi milangoni. Naomba aniambie, kama yumo humu: mabehewa yale yaliundwa ili yabebe nini?

Nikaona tusogee behewa la kwanza. Wenye mapenzi ya treni mnajua kwamba chumba cha dereva katika mabehewa haya kiko upande wa kulia, na mlango wa katikati una kioo ambacho abiria anaweza kusimama akaona reli na taa za ishara zinavyomjia. Kwa mtoto hakuna nafasi iliyo bora kuliko hiyo. Pale tulimkuta bwana mmoja amekibana kioo kwa kamera ya video, viwiko amevitanua kama kuku anayeatamia, na nyuma yake wanasubiri watoto wanne pamoja na wangu. Kutoka 59 Street hadi 125 Street treni haisimami, na ndicho kipande kitamu kuliko vyote, kwa sababu unapita katika njia ileile iliyofunguliwa Septemba 10, 1932, ambayo mabehewa haya yaliagizwa kwa ajili yake. Bwana yule hakuondoka hata mara moja. Mtoto mmoja alipouliza kama zamu yake imefika, bwana aligeuka na kututaka sote tunyamaze, kwani alikuwa akirekodi sauti ya mota! Abiria waliolipa nauli wazibe midomo ndani ya treni ya umma ili mtu mmoja apate mlio safi.

Kuna jambo jingine ambalo huenda likaonekana dogo kwa wengine. Taa za mabehewa haya hupata umeme moja kwa moja kutoka reli ya tatu, ile ya kando inayopitisha umeme, na mahali njia zinapokutana reli hiyo huwa na pengo, kwa hiyo glopu zote huzimika ghafla, kisha huwaka tena. Wiki nzima nilikuwa nimemsimulia binti yangu habari ya giza hilo, na yeye akaapa kwamba hatapiga kelele. Giza lilipokuja, halikuwa giza. Kulikuwa na simu zaidi ya ishirini juu, na taa moja nyeupe ya kamera iliyotupofusha. Aliniuliza, "Mama, ndiyo hilo?" Sikuwa na jibu.

Kanuni za usafiri wa hapa zinaruhusu kupiga picha, ila zinakataza stendi za kamera, taa za kumulikia na vifaa vya aina hiyo. Hata hivyo pale jukwaani nilihesabu stendi tatu zimetegwa karibu na mstari wa njano wa ukingoni, na watu wamechuchumaa ng'ambo ya mstari huo huku treni inaingia, wakiwafokea abiria wanaotaka kupanda kwamba wametokea kwenye picha. Dereva naye alimulikwa fleshi usoni akikaribia kituo, na hilo si la kucheka hata kidogo.

Mimi pia nina kamera, na nilikuwa nayo mkobani siku hiyo. Picha niliyorudi nayo ni moja tu, imetikisika, inaonyesha mgongo wa yule bwana wa kioo na kofia ya mtoto wangu chini ya kiwiko chake. Jumamosi ijayo treni inatoka tena, na binti yangu ameshasema haendi. Ewe kijana wa kamera mbili, kama unasoma, njoo hapa utueleze zile picha za viti vitupu umezipeleka wapi.