Ndege ndogo huishiwaje mafuta angani?

Mkazi wa Tabora:
Ndugu zangu, ikiwa rubani ana geji mbele ya macho yake, inakuwaje ndege iishiwe mafuta hadi ianguke?

Mdau wa Kigoma:
Ndugu, geji hizo haziaminiki sana. Katika Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, mafuta hukaa ndani ya mabawa na huchezacheza ndege inapoinama, kwa hiyo rubani makini hupanda juu kabla ya safari, hufungua kifuniko cha tangi na kutumbukiza kijiti chenye alama, kisha hupiga hesabu kwa saa na si kwa kilomita. Kigoma hadi Tabora ni takriban kilomita 350, yaani chini kidogo ya saa mbili kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa huongeza karibu nusu saa, na hiyo hula karibu yote ile akiba ya mafuta ya dakika 30 ambayo kwa kawaida hutakiwa mchana.

Fundi mstaafu:
Niongeze kwamba baadhi ya ndege za Piper hunyonya tangi moja kwa wakati, hivyo rubani akisahau kugeuza swichi, injini huzima ilhali bawa la pili lina mafuta tele. Hilo huniudhi zaidi.

Mkazi wa Tabora:
Je, injini ikizima ndege huporomoka papo hapo?

Mdau wa Kigoma:
La, huteleza hewani: kutoka kimo cha kilomita moja, Cessna hiyo hufika takriban kilomita tisa. Shida ya huku kwetu ni kupata uwazi wa kutua katikati ya miombo.