Jiko dogo, giza mchana kutwa, vitu vimejaa. Nina laki moja na nusu tu, nianzie wapi?

nalongo_kireka

Habari zenu ndugu zangu, naombeni mawazo manake hili jiko linanichosha kweli. Tumepanga huku Kireka, pembeni ya Kampala, vyumba viwili na kajiko ndani, hako kajiko ni kama mita mbili kwa mbili na nusu, dirisha moja tu na linaangalia ukuta, kutoka dirishani mpaka ukuta ni kama hatua mbili, kwa hiyo hata saa sita mchana nawasha taa ndio nione kama mchele una mawe. Waliokaa kabla yetu walikuwa wanapikia sigiri (jiko la makaa) humo humo ndani, nadhani na kuni pia, kuta za juu zilikuwa nyeusi tii. Landilodi akapaka krimu juu juu kabla hatujaingia, sasa ule weusi unarudi, unatokea madoa ya kahawia kama chai imemwagika.

Alafu vitu. Jerikeni za maji, gunia la makaa, mtungi wa gesi wa kilo 6, sigiri ya maharage na matoke (gesi siwezi kuimalizia kwenye maharage), masufuria makubwa ya wageni, flaski, makopo ya Blue Band ambayo kila moja lina kitu ndani, na buveera (mifuko ya plastiki) zimefungwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikipika watoto hawawezi kupita. Mume wangu anasema tununue kabati la ukutani, mimi naona litakula hiyo nafasi kidogo iliyobaki na pesa yote pia. Landilodi amekubali tupake rangi lakini hatoi hata shilingi. Bajeti yangu ni 150,000. Mngekuwa nyie mngeanzia wapi?

fundi_rangi_ndeeba

Nalongo pole sana. Mimi kazi yangu ni rangi, na hiyo ya weusi kurudi naikuta karibu kila muzigo (vyumba vya kupanga) wa zamani. Landilodi wako alipaka emalshoni ambayo ni rangi ya maji juu ya masizi na mafuta. Ile lami ya moshi inayeyuka kwenye maji ya rangi, rangi ikianza kukauka inaivuta mpaka juu, ndio hiyo chai unayoiona. Ukipaka emalshoni tena hata mikono mitano itarudi tu, na pesa imekwenda.

Fanya hivi. Toa kila kitu nje, kila kitu, usibakize hata kijiko. Kwangua rangi inayobanduka, alafu osha kuta kwa maji ya moto na sabuni ya unga na sponji. Na uanzie chini upande juu, usianzie juu, manake maji machafu yakitiririka kwenye ukuta mkavu yanaacha michirizi ambayo ni shida kutoa. Suuza na maji safi mara mbili. Acha ikauke vizuri, kipindi hiki cha mvua usiharakishe, ukuta wenye unyevu unatoa malengelenge chini ya rangi.

Hapo ndio unapaka undakoti ya mafuta, yaani rangi ya chini, sio kuta zote kama huna pesa, paka pale penye madoa na pale juu ambapo moshi ulikuwa unakaa. Hiyo ndiyo inafunga masizi yasipite. Inanuka na mvuke wake unashika moto, kwa hiyo siku hiyo msipike humo ndani kabisa, sigiri hapana, gesi hapana, mlango na dirisha wazi mpaka harufu iishe. Watoto walale chumba cha mbali.

Mwisho emalshoni nyeupe, lakini uliza ile ya silk inayong'aa kidogo, sio mati isiyong'aa. Mati ukifuta mafuta inatoka na rangi, silk unafuta na kitambaa chenye sabuni na inabaki, na inarudisha mwanga kidogo. Hesabu yako: jiko lako kuzunguka ni mita 9, kama urefu wa ukuta ni mita 2 na nusu basi ni kama mita 22 za mraba, toa mlango na dirisha ibaki 20. Lita moja kwenye ukuta laini inakwenda kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 4, yaani kopo moja, na undakoti lita moja. Dari nayo ipake nyeupe hata kama rangi itabaki kidogo tu, watu wanasahau dari na pale ndipo mwanga wa balbu unapigia.

Kupaka mpake wenyewe, sio kazi ngumu, ngumu ni kuosha. Ukimlipa fundi hiyo pesa inaisha hapo hapo.

hajati_wa_bombo

Assalam alaikum binti yangu. Fundi amesema vizuri lakini mimi ninaongeza, ukishatoa vitu nje kama alivyosema usivirudishe vyote. Huo ndio wakati wenyewe. Sisi tulikulia kwenye nyumba ndogo za kambini, jeshi linampa baba chumba kimoja na watoto saba, na jiko la mama lilikuwa linang'aa kwa sababu hakuna kitu kilikaa ndani ambacho hakipikiwi siku hiyo.

Masufuria ya wageni, wageni wanakuja lini? Idi, Krismasi, msiba. Basi yaweke moja ndani ya jingine, funga na shuka kuukuu, weka juu ya kabati la nguo au chini ya kitanda. Makaa yatoe leo, hata usingoje rangi. Gunia la makaa ndani ya jiko dogo kila ukichota vumbi jeusi linapanda, linakaa kwenye dari, kwenye vyombo, kwenye mapafu ya watoto, na hiyo rangi nyeupe utaiona ya kijivu kabla ya mwezi kuisha. Weka nje kwenye pipa au ndoo kuukuu yenye mfuniko, pandisha juu ya matofali mvua isilowanishe. Na sigiri pia iwe nje, kwenye kibaraza. Nasema hili kwa uchungu binti yangu, makaa yanatoa hewa ambayo haina harufu na inaua watu wamelala. Jiko lenye dirisha moja linaloangalia ukuta sio mahali pa sigiri.

Alafu fanya kichanja nje, akatandaalo kama Waganda wanavyosema. Miti minne, fito za juu, basi. Sahani zikioshwa zinakauka juani, jua lenyewe linasaidia kuua vijidudu, na ndani hutahitaji ile treya ya kukaushia inayokula nusu ya meza. Usiku unaingiza vyombo kwa sababu ya wezi na panya.

Makopo yale usitupe lakini punguza. Kopo ambalo huoni ndani ndilo linafanya ununue chumvi wakati chumvi ipo. Nenda soko la Owino utafute yale madumu ya plastiki yanayoonekana ndani, matano au sita yanatosha, mchele, maharage, unga wa posho, sukari, binyebwa (karanga) vya kusaga, mukene (dagaa). Yawe na mfuniko wa kukaza kwa sababu ya fukusi na mende. Mende wanapenda rundo, ukiondoa rundo la buveera nyuma ya mlango utaona wamepungua wenyewe.

Ukimaliza, ukutani tundika tabaga moja au mbili, zile sinia za kusuka za rangi rangi tunazosuka sisi Wanubi. Inafunika chakula na inapendeza, haikai mezani.

kijana_wa_waya

mimi niongelee taa tu. angalia balbu yako imeandikwa nini, kama ni ile ya kizamani ya wati 60 itoe. LED ya wati 9 inatoa mwanga kama ule ule. ukiwasha saa 8 kwa siku kwa mwezi mzima LED inakula kama yuniti 2, ile ya 60 inakula 14 na kitu, yaani peke yake inakaribia kumaliza zile yuniti 15 za bei ya chini kwenye Yaka (umeme wa kulipia kabla). kwenye boksi tafuta 6500K kama unataka nyeupe ya mchana au 4000K kama hiyo nyeupe inakuumiza macho, ile ya 3000K ni ya njano, kwa jiko lenye giza usichukue. na uangalie soketi yako ni ya pini au ya kuskrubu kabla hujatoka nyumbani

kitu kingine balbu ikiwa katikati ya dari wewe unasimama ukiangalia ukuta unapokatia vitunguu, kivuli chako kinaangukia ubao. kama pesa ikibaki weka katyubu ka LED ukutani juu ya meza, kale kafupi, mtu wa umeme anakavuta kutoka kwenye laini ya balbu. usivute mwenyewe

mama_akello

Nalongo usinunue kabati!! Kabati la mlango kwenye jiko la mita mbili, ukifungua mlango unagonga sigiri, na ndani ni giza tena na mende. Nenda Ndeeba kwa wanaouza mbao uliza vipande vilivyobaki vya paini, wanakukatia, nunua pembe za chuma za kushikilia, weka ubao mmoja mrefu juu ya usawa wa kichwa ukuta mzima. Mmoja tu. Chini yake pigilia misumari ya kutundikia vikombe na mwiko na kikaango. Kama ukuta ni ule wa tofali zinazomomonyoka toboa na drili uweke vile vizibo vya plastiki vya kushika skrubu, usiamini msumari kubeba ubao.

Na jerikeni, zipange chini ya meza mstari mmoja, shona kapazia keupe mbele. Kama maji kwenu hayakatiki sana unazijaza za nini zote, baki na tatu.

Ila mtungi wa gesi usiufiche nyuma ya pazia wala ndani ya kabati. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini, sasa ukiifungia hapo inajikusanya. Uwe umesimama, wazi, karibu na mlango.

mzee_tororo

Naona wote mmesema rangi ya dukani. Huku kwetu Tororo chokaa ipo na ni rahisi sana kuliko hiyo silk. Bibi zetu walipaka chokaa na jiko lilikuwa jeupe, na ukungu haukai kwenye chokaa. Kwa nini mnamtuma dada yetu akamalize pesa?

fundi_rangi_ndeeba

Mzee wangu shikamoo, chokaa naiheshimu lakini kwenye kuta hizi haitashika. Kuna emalshoni tayari na chini yake mafuta, chokaa inataka ukuta wa plasta ya saruji au udongo unaonyonya maji. Juu ya rangi itapukutika kwenye chakula, na ukiegemea unatoka na mgongo mweupe. Na siku akitaka kupaka emalshoni juu ya chokaa inayopukutika, yote itabanduka pamoja.

Lakini mzee umenifungua akili. Nalongo, huo ukuta unaoangalia dirisha lako ni wa nani, na una rangi gani?

nalongo_kireka

Jamani mmenisaidia mno, Hajati nimesoma maneno yako kwa sauti mume wangu asikie, makaa yameshatoka nje jioni hii hii na sigiri iko kibarazani. Kabati ameliacha.

Fundi, ule ukuta ni wa fensi, ni saruji tu haijapakwa kitu, imekuwa nyeusi na kuvu la kijani kwa sababu jua halifiki vizuri. Ni wa jirani, yule mama ni mtu mzuri. Kwa nini?

fundi_rangi_ndeeba

Hapo ndipo chokaa ya mzee inaingia. Dirisha lako halioni anga, linaona ule ukuta. Mwanga wote unaoingia jikoni kwako umepiga pale kwanza, na saruji nyeusi yenye kuvu inaumeza. Ukiwa mweupe unakurudishia mwanga ndani mchana kutwa bila Yaka. Omba ruhusa kwa jirani, sugua kuvu na brashi ya waya, piga chokaa kuanzia usawa wa chini ya dirisha lako kwenda juu mpaka mwisho, upana uzidi dirisha mita moja kila upande. Mkono wa kwanza mwepesi kama maziwa, siku inayofuata wa pili, hata wa tatu.

Na dirisha lenyewe toa vilivyopangwa pale mbele, osha vioo na ule waya wa mbu, vumbi la waya linakula mwanga mwingi. Pazia zito toa.

mzee_tororo

Shukrani fundi. Dada, chokaa uiloweke usiku kucha kwenye ndoo, uchuje asubuhi na kitambaa, utie chumvi konzi moja kwa ndoo ili ishike. Lowesha ukuta kwa maji kabla ya kupaka. Vaa glavu na ufunike macho, inaunguza. Watoto wasisogee.

mama_akello

Na usubiri siku ambazo mvua imepumzika, chokaa ikinyeshewa kabla haijashika inakwenda yote kwenye mfereji wa jirani na hapo hutakuwa na jirani mzuri tena.

nalongo_kireka

Nimeongea naye, amekubali, anasema nikipiga upande wangu nimpigie na ukuta wake wa bafu la nje, chokaa itatosha? Ni kama mita tatu kwa mbili.

mzee_tororo

Mfuko mmoja utatosha na utabaki. Mpigie.